Somo la Makatibu: Kulihamisha Daftari la Wanachama katika Hifadhidata, na Fonti za Kulisomea

Daftari la wanachama ndilo shina la chama cha ushirika. Mizani ikiharibika hutengenezwa, na ghala likivuja huezekwa upya. Lakini mtu ambaye jina lake halimo daftarini hana kura katika mkutano mkuu, hana hisa inayotambuliwa, na malipo ya pili ya mazao yake hayana mahali pa kuandikwa. Kwa sababu hiyo daftari liliwekwa kabatini chini ya kufuli tangu zamani, na kila badiliko likatiwa saini. Leo madaftari mengi yamo katika kompyuta, ambamo hamna wino wa kufifia wala karatasi ya kuliwa na mchwa, na wapo wanaodhani kwamba hatari zimekwisha.

Hatari kubwa haimo katika kuandika wanachama wapya mmoja mmoja. Imo katika siku ile rekodi mia kadhaa zinapohamishwa kwa mpigo kutoka katika Excel kwenda katika hifadhidata. Siku hiyo kompyuta huamua mambo mengi yenyewe: ipi ni namba na ipi ni maandishi, ipi ni siku na upi ni mwezi, nani aingie na nani aachwe nje. Haiombi ruhusa ya mtu. Somo hili laeleza maamuzi hayo, na jinsi katibu awezavyo kuyachukua mikononi mwake. Laeleza pia namna ya kuweka fonti, yaani umbo la herufi na tarakimu, katika fomu ya kusomea rekodi. Mambo haya mawili yamewekwa katika somo moja kwa makusudi: kosa lililoingia siku ya kuhamisha hugunduliwa kwa macho, na macho husaidiwa au hudanganywa na umbo la herufi.

MANENO YATUMIKAYO

Hifadhidata ni daftari ndani ya kompyuta, nalo hugawanywa katika majedwali. Mstari mmoja wa jedwali ni rekodi moja, kwa mfano habari zote za mwanachama mmoja. Safu ni mambo ya aina moja yaliyopangwa kutoka juu kwenda chini: majina, hisa, kilo. Fomu ni dirisha linaloonyesha rekodi moja kwa wakati mmoja, mithili ya kadi ya mwanachama.

Programu mbili hutumika sana kwa kazi hii katika kompyuta ya mezani. Ya kwanza ni Microsoft Access, iliyotolewa mwaka 1992, ambayo hununuliwa. Ya pili ni Base, iliyomo katika LibreOffice, ambayo hutolewa bila malipo. LibreOffice ilianza mwaka 2010, ikiwa imechipuka kutoka OpenOffice.org. Itakumbukwa kwamba OpenOffice.org yenyewe ilikwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 chini ya mradi wa Kilinux, kwa jina la Jambo OpenOffice. Basi mambo haya si mageni katika lugha hii kama baadhi ya watu wasemavyo.

Excel na hifadhidata havifanani. Katika Excel karani aweza kuandika neno «bado» ndani ya safu ya hisa, na Excel italipokea bila kunung'unika. Hifadhidata hutaka kila safu iwe na aina yake iliyotangazwa: maandishi, namba, au tarehe. Ukali huo ndio faida yake. Ndio pia unaofanya rekodi ziharibike mlangoni, zikiwa hazikutayarishwa.

KABLA YA KUHAMISHA

Na ichukuliwe kwa mfano chama cha msingi cha kahawa chenye wanachama 612. Orodha yao imo katika Excel, ikiwa na namba ya uanachama, jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kujiunga, namba ya kitambulisho cha taifa, simu, hisa na kilo za msimu. Kwanza katibu hutoa nakala ya faili hilo na kufanya kazi katika nakala. Faili la asili halifunguliwi tena mpaka kazi iishe.

Namba ya uanachama ndiyo ya kutazamwa mwanzo. Vyama vingi huandika namba zenye sifuri mbele, kwa mfano 01047, maana yake tawi la 01, mwanachama wa 047. Kompyuta ikiihesabu kuwa namba ya kawaida, hutupa sifuri ya mbele na kubakiza 1047. Kwa hesabu za shuleni hakuna kilichopotea. Lakini stakabadhi ya mkulima imeandikwa 01047, na siku ya malipo karani akiitafuta namba hiyo kama ilivyoandikwa haioni. Mzee huambiwa kwamba hayumo. Kanuni ni fupi: namba ambayo haijumlishwi wala haigawanywi si namba, ni maandishi. Namba ya uanachama, ya simu, ya kitambulisho na ya stakabadhi zote zitangazwe kuwa maandishi.

Namba ya kitambulisho cha taifa huumia zaidi. Nchini Tanzania namba hiyo ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zinazozidi huzigeuza kuwa sifuri. Maana yake karani anapoandika tarakimu zote 20 mfululizo na kubonyeza kitufe cha kuingiza, tano za mwisho zimekwisha kufutwa. Hazirudi kwa kubadili sura ya safu wala kwa kuhamishia faili katika programu nyingine. Hapana budi kadi ya mwanachama iletwe na namba iandikwe upya. Watu wawili ambao namba zao zinatofautiana mwishoni tu huwa na namba moja. Jambo la kushangaza ni kwamba makarani walioandika namba hiyo pamoja na vistari vyake, bila kujua lolote, waliiokoa: vistari vilifanya Excel iione kuwa maandishi. Katibu akikuta namba nyingi zinazoishia na sifuri tano, asiendelee na kazi siku hiyo.

Simu nayo ina ugonjwa wake. Namba yenye tarakimu 12, ikianza na 255, Excel huionyesha kwa ufupisho kama 2.557E+11. Ndani ya Excel namba bado ni nzima. Lakini faili likihifadhiwa katika umbo la CSV likiwa linaonekana hivyo, kinachoandikwa ni ule ufupisho, na namba yenyewe hupotea kabisa katika faili jipya.

Hapa yafaa CSV ielezwe. Ni faili la maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa mkato, nalo ndilo gari linalotumika sana kubeba rekodi kati ya programu na programu. Kwa kuwa mkato ndio mpaka wa safu, kilo 1,250 zikiandikwa na mkato wake bila kufungwa kwa alama za kunukuu huwa safu mbili: moja yenye 1, ya pili yenye 250, na kila kilichofuata husogea hatua moja kwenda kulia. Mikato ya maelfu iondolewe mapema. Aidha, faili la CSV lisifunguliwe kwa kubofya mara mbili. Likifunguliwa hivyo, Excel huamua aina za safu peke yake na kula sifuri za mbele. Akilihifadhi tena, karani ameharibu kilichokuwa kizima. Lifunguliwe kwa njia ya kuleta maandishi, ambapo programu huonyesha kila safu na kumpa mtu nafasi ya kutaja aina yake.

TAREHE

Sehemu hii yastahili subira. Afrika Mashariki huandika siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Marekani huanza na mwezi. Kompyuta nyingi hufika dukani zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, na hakuna anayezibadilisha. Katika kompyuta kama hiyo, 03/04/1985 husomwa kuwa Machi 4, ilhali mwanachama alizaliwa Aprili 3. Ubaya ni kwamba 25/04/1985 haiwezi kusomwa hivyo, kwani hakuna mwezi wa 25. Basi kompyuta ama huiacha kuwa maandishi, ama huisoma sawasawa. Matokeo yake ni safu moja yenye tarehe sahihi na tarehe zilizopinduliwa zikiwa zimechanganyika, na kila moja yaonekana kuwa ya kweli.

Tarehe zinazoweza kupinduliwa ni zile ambazo siku haizidi 12, isipokuwa zile ambazo siku na mwezi ni sawa. Kwa mwaka mzima ni siku 132. Kwa wanachama 612, ikiwa siku zao za kuzaliwa zimetawanyika sawasawa katika mwaka, ni watu wapatao 221. Si ajabu idadi ikazidi hapo, kwa sababu mzee asiyejua siku aliyozaliwa huenda aliandikiwa tarehe 01/07, nayo ikipinduliwa huwa Januari 7.

Ipo dalili ya kutambua mapema. Ndani ya Excel, kitu kilichokubaliwa kuwa tarehe hulala upande wa kulia wa chumba chake, na kilichoachwa kuwa maandishi hulala kushoto. Safu ya tarehe yenye baadhi kulia na baadhi kushoto ni safu iliyokwisha kuugua. Tiba ni kurudi kwenye faili la asili, na wakati wa kuleta kutaja wazi kwamba mpangilio ni siku, mwezi, mwaka. Pia mwaka uandikwe kwa tarakimu nne. Mwanachama aliyezaliwa mwaka 1928 na kuandikwa 28, kompyuta humweka mwaka 2028, na hivyo mzee aliyekianzisha chama huonekana kuwa hajazaliwa.

Wenye kitambulisho cha taifa wana njia nyingine ya kuhakiki, nayo ni nzuri kuliko zote. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya Tanzania ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Baada ya kuhamisha, katibu hulinganisha tarakimu hizo na safu ya tarehe ya kuzaliwa. Pasipolingana, ama tarehe imepinduliwa, ama namba imekosewa, ama mtu mmoja amepewa kitambulisho cha mwingine. Yote matatu yahitaji kutafutiwa jibu.

MAJINA NA NAMBA ZILIZOJIRUDIA

Athumani na Athuman huenda wakawa mtu mmoja. Kompyuta huwahesabu wawili. Ramadhani na Ramadhan vivyo hivyo. Nafasi tupu iliyoachwa baada ya jina haionekani kwa jicho, lakini nayo hufanya jina liwe jingine. Katika mikoa ya pamba, ambako majina yenye ng' ni mengi, ile alama ndogo ya juu huleta taabu ya pekee: ikiwa faili limeandikwa kwa mpangilio wa herufi uitwao UTF-8 na kusomwa kwa mpangilio mwingine, mahali pa alama hutokea vituko kama â€™. Dawa ni kutaja UTF-8 wakati wa kuleta, na kuamua mara moja kwamba alama iliyonyooka ndiyo itakayotumika katika chama kizima.

Namba ya uanachama ndiyo itakayokuwa ufunguo mkuu wa jedwali, yaani safu ambayo hifadhidata hairuhusu ijirudie. Ni hapa ambapo historia ya ushirika hujitokeza. Nchini Tanzania vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu kuanza upya. Basi si ajabu chama kikawa na majina yaliyotoka katika madaftari ya vipindi mbalimbali, na kukawa na namba 047 mbili: ya mtu wa daftari la kale na ya mtu wa daftari jipya. Wote wawili ni wanachama halali. Hifadhidata humpokea aliyetangulia katika faili na kumwacha wa pili mlangoni.

Programu zote mbili hujitolea kuweka namba zao zenyewe, 1, 2, 3, ili kuondoa usumbufu huo. Katibu asikubali zichukue nafasi ya namba ya uanachama. Namba ya kompyuta haimo katika kadi ya mtu yeyote wala katika stakabadhi yoyote. Namba zilizogongana zipelekwe kwenye Bodi, uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za kikao, na mhusika apewe kadi mpya kabla ya rekodi kuhamishwa. Kadhalika marehemu wasifutwe kimyakimya. Hisa zao zina warithi, na rekodi yahitaji safu ya kuonyesha hali ya mwanachama.

KUHAMISHA KWENYEWE

Kazi hii, baada ya maandalizi, ni ya dakika chache. Katika Access jedwali hutengenezwa kwanza, kila safu na aina yake. Kisha faili huletwa kwa mwongozo wa kuleta data kutoka nje, na mistari huongezwa katika jedwali lililopo. Ni vema kuliko kuiachia programu itengeneze jedwali, kwani yenyewe hukisia aina ya safu kwa kutazama mistari michache ya mwanzo. Mipangilio ya faili la CSV, pamoja na mpangilio wa tarehe, huweza kuhifadhiwa kwa jina ili itumike tena msimu ujao. Katika Base mistari hunakiliwa kutoka Calc, yaani karatasi la hesabu la LibreOffice, na kubandikwa katika sehemu ya majedwali. Mwongozo hujitokeza na kuuliza kama jedwali jipya litengenezwe au data iongezwe kwenye la zamani.

Pale ambapo thamani haikulingana na aina ya safu, Access huacha chumba kitupu na kuandika habari za kosa katika jedwali la pembeni, ambalo jina lake huishia na neno ImportErrors. Makarani wengi hawalifungui. Wengine hulifuta, wakilidhania kuwa uchafu. Hilo ndilo jedwali la kusomwa kabla ya jingine lolote. Rekodi zilizogongana kwa ufunguo hutajwa kwa sentensi moja tu kwenye kioo, ikisema ni ngapi zilizoachwa. Mtu akibofya kukubali, watu wanane wameondoka katika chama na hakuna orodha ya majina yao.

Kwa hiyo hesabu za udhibiti hufanywa kabla na baada. Wahasibu wa zamani walizijua vema. Katibu huandika katika karatasi: idadi ya wanachama, 612, jumla ya hisa, jumla ya kilo za msimu. Kisha huongeza jumla moja isiyo na maana yoyote, ambayo ni jumla ya namba zote za uanachama, akizichukua kwa hesabu hiyo tu kana kwamba ni namba za kawaida. Jumla hiyo haina faida kwa mtu, lakini namba moja ikibadilika au mtu mmoja akikosekana, nayo hubadilika. Jumla hizi zichukuliwe katika daftari la karatasi lenye saini, wala zisichukuliwe katika Excel. Zikichukuliwa katika Excel huthibitisha tu kwamba makosa yote yamefika salama.

Jumla haziwezi kuonyesha kila kosa. Hisa za mtu mmoja zikiandikwa kwa jirani yake na za jirani kwake, jumla haibadiliki hata senti. Ndiyo maana huchaguliwa mwanachama mmoja katika kila ishirini, wapatao 30 kwa chama cha mfano, na rekodi zao husomwa neno kwa neno: karani mmoja asome daftari la karatasi, mwingine atazame fomu kwenye kioo, na mjumbe wa Bodi awepo.

FONTI ZA FOMU

Kwanza ifahamike kwamba fonti haibadilishi rekodi. Hubadilisha sura yake tu. Jambo hili laonekana dogo, lakini kutolijua huzaa makosa mawili. La kwanza ni kuponya sura na kuacha ugonjwa: katika Access mtu aweza kuagiza kwamba namba ionyeshwe kwa tarakimu tano, na 1047 ikaonekana kwenye fomu kuwa 01047. Katibu hufurahi, ilhali ndani ya jedwali bado ni 1047, na orodha itakayotolewa kwenda benki itabeba 1047. La pili ni kinyume chake, yaani kudhani kwamba rekodi imeharibika kumbe fonti ndiyo pungufu. Jina la Kikuyu lenye ĩ au ũ, kama yalivyo katika vyama vya kahawa vya Kenya ya kati, likionyeshwa kwa fonti isiyo na herufi hizo huweza kutoka na kisanduku kitupu mahali pa herufi. Ibadilishwe fonti, herufi itarudi. Lakini mahali pa herufi pakiwa na alama ya kuuliza, na alama hiyo ikabaki kwa fonti yoyote iwekwayo, basi herufi yenyewe ilipotea njiani, na jina halina budi kuandikwa upya.

Baada ya hilo, fonti ichaguliwe kwa ajili ya tarakimu kabla ya uzuri. Katika Arial, I kubwa na l ndogo karibu hazitofautiani. Verdana, iliyotolewa mwaka 1996 kwa ajili ya kusomwa kwenye kioo, huzitenga I, l na 1 kwa uwazi, na nafasi kati ya herufi zake ni pana. Consolas huikata sifuri kwa mstari, hata isichanganywe na O. Yafaa kwa namba za stakabadhi zenye herufi na tarakimu pamoja. Georgia ni fonti nzuri ya kusomea habari, lakini tarakimu zake hupanda na kushuka kama maandishi ya vitabu vya kale, na sifuri yake yafanana na o ndogo. Isiwekwe penye fedha. Fonti za mapambo na za mwandiko wa mkono hazina kazi katika fomu ya chama.

Ukubwa nao ni suala la haki. Fomu ya herufi ndogo husomwa na karani kijana peke yake, na wajumbe wazee waliokaa nyuma yake huitikia tu. Ukubwa wa 12 kwa majina na 14 kwa hisa na fedha si mkubwa mno, hata kama fomu itahitaji kurasa mbili.

Katika Access fomu hufunguliwa kwa usanifu, vyumba vyote huteuliwa pamoja, na fonti huwekwa mara moja katika orodha ya sifa. Fonti ya kutazamia jedwali zima na fonti ya ripoti za kuchapwa huwekwa mbali mbali; kubadili moja hakubadili nyingine. Katika Base, fomu iliyotengenezwa kwa mwongozo huwa imefunga kila kichwa pamoja na chumba chake. Mtu akibofya kawaida huteua vyote viwili na haioni sehemu ya fonti. Abofye huku ameshikilia kitufe cha Ctrl ndipo chumba kimoja kiteuliwe.

Lipo jambo moja linalosahauliwa. Faili la hifadhidata hubeba jina la fonti tu, halibebi fonti yenyewe. Faili likipelekwa kwenye kompyuta ya chama kikuu ambayo haina fonti hiyo, programu huchukua nyingine badala yake. Ikiwa iliyochukuliwa ni pana zaidi, tarakimu hazitoshi katika chumba chake na za mwisho huweza kufichika: 1250000 ikaonekana 125000. Rekodi ni nzima, lakini mtu anayenakili kwa mkono kutoka kwenye kioo atapunguza sifuri moja katika fedha za mkulima. Tahadhari ni mbili. Vyumba viachwe vipana kuliko inavyohitajika. Cha kitambulisho cha taifa kitoshe nafasi 23, tarakimu 20 na vistari vitatu. Pili, zitumike fonti zenye mbadala wa upana uleule: Liberation Sans ina upana sawa na Arial, na Carlito sawa na Calibri, hivyo orodha iliyotolewa katika Access yaweza kufunguliwa katika kompyuta za LibreOffice bila mistari kuhama.

KUWAONYESHA WANACHAMA

Hakuna mhakiki anayempita mwanachama mwenyewe. Kabla ya mkutano mkuu orodha ichapwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ubaoni: namba ya uanachama, jina, mwaka wa kujiunga na hisa. Simu na namba ya kitambulisho zisibandikwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, kama ile ya Kenya ya mwaka 2019, huzitia taarifa hizo katika ulinzi, na flashi yenye faili zima la wanachama isitembee mifukoni. Daftari la karatasi lisitupwe. Libaki kabatini likiwa na saini zake, kwani shauri likifika mbele ya Mrajisi litaulizwa.

ZOEZI LA KIKUNDI

Kikundi kichukue mistari ishirini ya daftari la chama chake, kiiandike katika Excel kama ilivyo, na kuihamishia katika hifadhidata ya majaribio mara mbili: mara ya kwanza kwa kukubali kila kitu programu inachopendekeza, mara ya pili kwa kutaja aina ya kila safu. Kisha wajibu haya. Ni namba ngapi za uanachama zilizopoteza sifuri mara ya kwanza? Ni tarehe zipi zilizopinduka, na siku zake zilikuwa chini ya 13? Jumla ya hisa ilibaki ileile katika majaribio yote mawili, na kama ilibaki, ni makosa gani ambayo jumla hiyo haikuyaonyesha? Mwisho, fomu ifunguliwe, na mjumbe mwenye umri mkubwa kuliko wote kikundini asome kwa sauti namba ya kitambulisho kutoka kwenye kioo, huku mwenye kadi akifuatilia kwa kidole.